Kuachana na vidonge vya usingizi vya miaka mingi: upunguze kilekile, uhamie diazepamu, au ulazwe?

Shangazi yangu wa Pangani alianza kumeza diazepamu wiki aliyozikwa mumewe. Aliandikiwa ya siku saba. Siku nilipokaa naye kibarazani tukahesabu, ilikuwa miaka 11 imepita, vidonge viwili vya miligramu 5 kila usiku baada ya Isha, na mimi mtoto wa kaka yake ni mfamasia Tanga mjini. Hakuwa amemficha mtu. Hakuna aliyemuuliza.

"Mwanangu," aliniambia, "unataka niache, sawa. Niache vipi?"

Swali hilohilo huletwa kwenye kaunta yangu na watu wazima, mara nyingi kwa sauti ya chini, wakisubiri kwanza wateja wengine waondoke. Wengi hudhani uamuzi ni mmoja tu, kuacha au kutoacha. Kumbe ukishaamua kuacha ndipo unapofika njia panda. Ukatishe siku moja? Upunguze kidogokidogo kidonge kilekile unachotumia? Uhamie kwanza kwenye diazepamu ndipo upunguze? Au ukalazwe? Na mbele kidogo kuna njia panda nyingine ambayo watu huipita bila kuiona: usiku ukibaki mtupu utaujaza na nini. Nazilinganisha hapa, na nasema mapema kwamba sizipi uzito sawa.

Ninazungumzia dawa za kundi la benzodiazepini, yaani diazepamu (Valium), lorazepamu (Ativan), alprazolamu (Xanax), bromazepamu (Lexotan) na klonazepamu (Rivotril), pamoja na jamaa zao wawili wa usingizi, zolpidemu (Stilnox) na zopikloni (Imovane). Zote ni za kuandikiwa na daktari, na mpango wowote utakaouchagua hapa unahitaji daktari au mfamasia anayejua kwamba umeuanza. Anayemeza fenobabitali au klonazepamu kwa ajili ya kifafa asiguse dozi yake kwa kusoma haya. Huyo habari yake ni nyingine kabisa.

"Kwa hiyo mimi ni teja?"

Hilo ndilo jambo la pili aliloniuliza shangazi, na nililijibu kabla ya kugusa wembe wa kukatia vidonge. Hapana. Teja hutafuta dawa ili alewe, huongeza kiasi, huuza masufuria ya mama yake. Shangazi hakuongeza hata robo kwa miaka 11. Kilichomtokea ni mwili kuzoea. Dawa hizi huipa nguvu breki ya asili ya ubongo. Ubongo nao, ukiona breki imekazwa kila siku, hulegeza za kwake. Unapoondoa dawa, breki zake mwenyewe bado zimelegea, na huchukua wiki au miezi kukaza tena. Hali hiyo humpata hata mtu aliyefuata maelekezo ya daktari neno kwa neno.

Nalisema hili kwa sababu anayejiona teja huchagua njia ya kujiadhibu, na njia ya kujiadhibu ndiyo hatari kuliko zote.

Kukatisha siku moja

Kwa aliyetumia siku chache, kuacha mara moja kwa kawaida hakuna neno. Kwa aliyetumia kila siku zaidi ya mwezi, njia hii niifute kabisa mezani.

Kuna kijana wa gereji aliyekuwa akimeza lorazepamu kwa zaidi ya mwaka. Akasikia mawaidha, akatupa pakiti chooni Jumapili jioni. Jumatano aliokotwa chini ya gari akiwa na degedege, na mafundi wenzake wakadhani ni shoti ya umeme. Alipona, lakini angeweza kuanguka akiwa barabarani.

Vijana wa pwani wana neno lao, arosto, kwa mateso ya kukosa heroini. Arosto ya heroini hutesa sana, ila mara chache huua mtu mwenye afya. Ya benzodiazepini, kama ile ya pombe, inaweza kuleta degedege, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na inaweza kuua. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake zito zaidi, lile la kwenye kisanduku, liwekwe kwa benzodiazepini zote, na kukatisha ghafla ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo.

Usikubali pia ile njia ya "ruka siku moja, meza siku moja". Kwa lorazepamu au alprazolamu hiyo ni sawa na kukatisha ghafla mara tatu nne kwa wiki.

Saa ambazo dawa hukaa mwilini

Kabla ya kuchagua kati ya njia zilizobaki, tazama kidonge chako kiko wapi kwenye jedwali hili. Safu ya kati ni muda ambao nusu ya dawa huwa imeondoka mwilini. Safu ya mwisho ni kiasi kinachokadiriwa kulingana na miligramu 10 za diazepamu, na hayo ni makadirio kweli, kwani vitabu hutofautiana na miili hutofautiana zaidi.

| Dawa | Nusu huondoka baada ya | Sawa na diazepamu mg 10 |
|---|---|---|
| Zolpidemu | saa 2 hivi | mg 20 |
| Zopikloni | saa 5 hadi 6 | mg 15 |
| Alprazolamu | saa 6 hadi 12 | mg 0.5 |
| Lorazepamu | saa 10 hadi 20 | mg 1 |
| Bromazepamu | saa 10 hadi 20 | mg 5 hadi 6 |
| Klonazepamu | saa 18 hadi 50 | mg 0.5 |
| Diazepamu | saa 20 hadi 100, na mabaki yake hukaa zaidi | mg 10 |

Angalia mstari wa alprazolamu na wa diazepamu. Wateja huniambia wanameza "kidogo tu, nusu miligramu," kana kwamba mwenye Valium ya miligramu 5 ndiye aliyezama zaidi. Ni kinyume chake. Nusu miligramu ya Xanax iko sawa na vidonge viwili vya shangazi.

Dawa inayotoka haraka huacha shimo kati ya dozi na dozi. Aliyemeza alprazolamu saa mbili asubuhi anaweza kuanza kutetemeka na kuwa na wasiwasi saa nane mchana, akaamini ni ugonjwa wake umerudi, kumbe ni dozi imeisha. Dawa inayotoka taratibu hujishusha yenyewe kama maji ya bahari yanavyokupwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kati ya njia mbili zinazofuata.

Kupunguza kidonge kilekile

Hii ndiyo ninayoipendelea kwa watu wengi, na hasa kwa anayemeza diazepamu au klonazepamu, na kwa anayemeza zolpidemu au zopikloni mara moja tu usiku. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna hesabu ya kubadilishia dawa ya kukosea. Unaijua dawa, mwili unaijua, unachopunguza ni kiasi tu.

Kasi gani? Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kitabibu vya Marekani uliotoka 2025, ulioongozwa na chama cha madaktari wa uraibu, unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi uliyo nayo kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kutozidi asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Sikiliza vizuri maneno "dozi uliyo nayo". Asilimia 10 ya miligramu 10 ni 1. Asilimia 10 ya miligramu 2 ni 0.2 tu.

Hapa ndipo kaunta ya Tanga inapogombana na kitabu. Kinachopatikana kwa urahisi kwetu ni kidonge cha diazepamu cha miligramu 5. Ukikikata mara nne, robo yake ni miligramu 1.25. Hebu tushuke kwa robo robo kutoka 10. Kwenda 8.75 umepunguza asilimia 12.5. Kwenda 7.5 ni asilimia 14. Kwenda 6.25 ni 17, kwenda 5 ni 20, kwenda 3.75 ni 25. Hadi hapo panavumilika. Lakini kutoka 3.75 kwenda 2.5 umekata theluthi nzima, kutoka 2.5 kwenda 1.25 umekata nusu, na ile robo ya mwisho ukiiacha umekata asilimia 100. Robo ni ileile, kisu ni kilekile, ila kila mara kinakata nyama nene zaidi. Ndiyo maana watu hufika nusu kidonge wakiimba, wakashindwa kwenye robo, kisha wakajiona dhaifu.

Shangazi alifuata mkondo huohuo. Alishuka robo kila baada ya wiki tatu hadi 3.75 bila makelele, ila kulalamika kwamba ndoto zake zimekuwa nyingi kama soko la Mgandini. Alipogusa 2.5, siku tano zilikuwa shwari. Ya sita akanipigia simu usiku wa manane: masikio yanalia, mwanga wa taa unamchoma, sisimizi wanatembea mgongoni wasioonekana. Dalili za kupunguza diazepamu huchelewa hivyo, hukudanganya siku za mwanzo. Kwa lorazepamu ungejua kesho yake au keshokutwa.

Kwa ushauri wa daktari wake tulirudi 3.75, tukakaa mwezi mzima, nami nikatumia mwezi huo kutafuta vidonge vya miligramu 2. Kidonge hicho kidogo ndicho kilichouokoa mpango. Nusu yake ni miligramu 1 na robo yake ni 0.5, kwa hiyo unaweza kwenda 3.5, kisha 3, kisha 2.5, ukashuka kwa nusu miligramu badala ya 1.25. Ningekuwa na nafasi ya kuanza upya, ningevitafuta kabla hata ya kukata kipande cha kwanza. Wewe fanya hivyo: muulize mfamasia mapema kama anaweza kukuagizia kidonge cha nguvu ndogo zaidi cha dawa yako, kisha daktari akiandike hivyo kwenye cheti.

Kuhusu ukataji wenyewe. Kikata vidonge cha plastiki ni bora kuliko wembe, na wembe ni bora kuliko meno. Robo hazitalingana, hilo lisikusumbue: kata kidonge kimoja, maliza vipande vyake vyote kabla ya kukata kingine, na kilichozidi leo kitafidiwa kesho. Usikate vya mwezi mzima, maana unyevu wa pwani utavigeuza unga. Vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, ambavyo pakiti yake huandikwa XR au CR, havikatwi kabisa. Na ile mbinu ya kusaga kidonge kwenye maji na kunywa kwa sindano ya kupimia nimeiona ikileta balaa. Diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, huzama, na ukinywa ya juu leo unaipata ya chini kesho. Kama kweli unahitaji ya maji, mwombe mfamasia wa hospitali kubwa aitengeneze.

Kuhamia kwanza kwenye diazepamu

Njia hii ilipata jina kupitia Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliyeendesha kliniki ya kuachisha benzodiazepini kuanzia 1982 hadi 1994. Wazo lake ni jepesi: mtoe mgonjwa kwenye dawa inayotoka haraka, mweke kwenye inayotoka taratibu na yenye vidonge vya nguvu ndogo, kisha ushuke naye.

Inamfaa nani? Anayemeza alprazolamu au lorazepamu mara mbili tatu kwa siku na anayehisi lile shimo kati ya dozi. Inamfaa pia mwenye dawa isiyokatika. Mwalimu mmoja alikuwa kwenye lorazepamu miligramu 1 asubuhi na 1 usiku. Daktari wake hakumbadilishia zote siku moja. Alianza na ya usiku, akaweka diazepamu 10 mahali pake, akamwacha wiki moja, ndipo akaibadilisha ya asubuhi. Mtetemo wa mchana ukaisha kabla hajapunguza chochote, akasema ni mara ya kwanza kwa miaka miwili anaandika ubaoni bila kuuficha mkono.

Lakini wiki zile za mwanzo alikuwa na usingizi wa mchana uliomfanya asinzie kwenye daladala hadi kupitilizwa. Diazepamu hujirundika. Kwa kijana ni usumbufu, kwa mzee wa miaka 75 ni nyonga iliyovunjika akienda msalani usiku. Mwenye ini bovu pia haimfai, kwani diazepamu hutegemea sana kazi ya ini, wakati lorazepamu huondoka kwa njia nyepesi zaidi. Dereva asiendeshe wakati wa kubadilisha. Na ile hesabu ya kulinganisha dozi, nimeshasema, ni makadirio: ikizidi unalewa, ikipungua unaingia arosto ukiwa umeshika dawa mkononi.

Nikiziweka mbili hizi ubavu kwa ubavu: mzee anayemeza mara moja usiku, apunguze kilekile, hata kama ni lorazepamu. Mtu wa makamo anayemeza dawa inayotoka haraka mara tatu kwa siku na anayehesabu saa za dozi ijayo, ahamie. Anayetumia diazepamu tayari hana pa kuhamia, na bado kuna watu huja kuniuliza.

Kulazwa

Wengi hawahitaji. Kule Quebec, Kanada, utafiti uliotolewa 2014 uliwapa wazee 303 waliokuwa wakitumia dawa hizi ama kijitabu chenye maelezo na ratiba ya kupunguza, ama huduma yao ya kawaida tu. Baada ya miezi sita asilimia 27 ya waliopata kijitabu walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao. Hispania mwaka huohuo, madaktari wa kawaida wa vituo vya afya waliokaa na wagonjwa wao wakawaeleza na kuwapangia ratiba walifikisha asilimia 45 walioacha ndani ya mwaka, dhidi ya 15. Hakuna kitanda cha hospitali kilichotumika.

Kitanda ni cha aliyewahi kupata degedege, anayekunywa pombe kila siku pamoja na vidonge, anayemeza dozi kubwa ambazo hata yeye hajui idadi yake, au mwenye ugonjwa mzito wa akili au mawazo ya kujiua. Mjamzito si lazima alazwe, ila asipunguze bila daktari wake wa uzazi na wa akili kuzungumza. Mirembe kule Dodoma, Muhimbili, na Mathari ya Nairobi ndizo hospitali watu wanazozijua kwa kazi hii, na watu wanaziogopa kwa majina. Aliye kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, kama ile iliyoanza Muhimbili 2011, aseme wazi kwa wahudumu kwamba anameza pia Valium. Dawa hizi mbili pamoja huzima pumzi.

Ubaya wa kulazwa ni kwamba kitanda hakingoji miezi. Mgonjwa hushushwa dozi upesi, kisha hurudi nyumbani na sehemu ngumu bado iko mbele. Kama utalazwa, uliza kabla hujaingia nani atakuangalia baada ya kutoka.

Usiku utaujaza na nini

Njia panda ya pili. Hapa ndipo ninapowapoteza wateja, kwa sababu nina dawa kwenye rafu na wanaziona.

Wanachoomba kwanza ni Piriton au prometazini, dawa za mzio na mafua zinazoleta usingizi. Hulewesha kweli siku tatu nne za mwanzo, kisha mwili huzoea. Kwa mzee hukausha mdomo, huzuia mkojo na huvuruga akili. Nimeona bibi aliyedhaniwa amepata wazimu kumbe ni dawa ya mafua kila usiku. Amitriptilini ya dozi ndogo huandikwa sana, na ina nafasi yake kwa mwenye maumivu ya mishipa au sonona, ila kama nyumba yenu ina mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, jua kwamba pakiti moja yake huua kwa moyo. Pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo imeanza kuonekana. Uingereza iliiweka kwenye dawa zinazodhibitiwa Aprili 2019 kwa sababu watu huizoea. Kumtoa mtu kwenye lorazepamu ukamweka kwenye pregabalini ni kumhamisha chumba, kodi anaendelea kulipa. Melatonini, homoni ya usingizi, haina madhara makubwa, na nguvu yake ni ndogo vilevile.

Upande wa pili kuna tiba ya kubadili mazoea ya kulala, bila dawa. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu. Na kuna utafiti mmoja mdogo kutoka Kanada, wa 2004, ambao naukariri kama aya. Wazee 76 waliokuwa wakimeza vidonge vya usingizi waligawanywa makundi matatu. Waliopunguziwa dozi kwa wiki kumi tu, asilimia 48 waliacha. Waliopewa tiba ya usingizi tu, asilimia 54. Waliopewa vyote viwili, 85.

Tiba yenyewe inakera kuliko inavyosikika. Tuseme unalala kitandani saa tisa lakini usingizi wenyewe ni saa tano. Unaambiwa ukae kitandani saa tano na nusu tu: panda saa sita usiku, amka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, hata Jumapili. Usingizi ukishaziba nafasi hiyo, unaongeza dakika 15 kila wiki. Ukiwa macho kitandani kwa muda, unatoka, unakaa kwenye kiti, unarudi macho yakiwa mazito. Simu haiingii kitandani, saa inageuzwa ukutani. Shangazi alinichukia wiki mbili. Kilichomsaidia ni kwamba tayari alikuwa na saa yake ya kuamka isiyobadilika, adhana ya alfajiri, na mimi nilijenga juu ya hiyo. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na dereva wa masafa wasijaribu kubana usingizi hivi bila msimamizi.

Wataalamu wa tiba hii kwetu ni wachache, sifichi. Lakini ratiba ya kuamka haihitaji mtaalamu, wala kuacha kahawa baada ya adhuhuri. Na kwa wenzetu wa Mombasa na Eastleigh wanaotafuna miraa jioni kisha wakameza Valium ili washuke: hamna mpango wa kupunguza utakaofanya kazi kabla hamjausogeza huo mfuko wa miraa. Ni kushika breki na mafuta kwa pamoja.

Vinavyoharibu mpango ukiwa hujui

Rifampisini. Ukianza dawa za kifua kikuu ukiwa bado kwenye diazepamu au zolpidemu, rifampisini itazifukuza mwilini haraka, na utapata dalili za kuacha wakati dozi yako hujaigusa. Mweleze muuguzi wa kliniki ya TB siku ya kwanza. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo hufanya kinyume, huibakiza diazepamu, na siku ukiimaliza ni kama umepunguziwa dozi kimyakimya.

Ramadhani. Mwenye dozi moja ya usiku hana shida. Mwenye lorazepamu asubuhi na jioni huihamishia daku na futari, na mwezi wenyewe umeshaukata usingizi vipande viwili. Mimi humwambia abaki alipo, asishuke hata hatua moja hadi Shawwal.

Safari. Kwa wanaokwenda Falme za Kiarabu kufanya kazi, dawa hizi huhitaji kibali cha wizara yao ya afya kabla ya kufika, na cheti cha daktari mfukoni. Mtu akiogopa uwanja wa ndege akaamua kuacha vyote siku ya kuruka, amerudi kule kwa kijana wa gereji.

Na ukiona degedege, kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo au hamu ya kufa, ratiba imekwisha usiku huohuo. Nenda hospitali na pakiti mkononi.

Kuishia katikati

Kuna chaguo ambalo miongozo hulitaja kwa aibu: kutofika sifuri. Katika ule utafiti wa Quebec, zaidi ya wale asilimia 27 walioacha, asilimia 11 nyingine walipunguza tu. Mimi hao siwaiti walioshindwa. Mzee aliyetoka miligramu 10 hadi 1 hasinzii tena mchana, na akiamka kwenda msalani miguu yake inamtii.

Shangazi yuko hapo. Nusu ya kile kidonge kidogo, tangu miezi mitano iliyopita. Nilitaka tushuke tena mwezi uliopita, akaniuliza mvua za masika zinaisha lini, kwa sababu mabati yake humwamsha zikinyesha na hataki ashindwe kujua kama ameamshwa na mvua au na kupunguza dawa. Tumekubaliana Juni.